Sufuria ya Wakati wa Baridi

Baridi ni za namna nyingi, wala mtu aliyekulia pwani asikudanganye kwamba baridi ni baridi tu. Sisi tuliozaliwa Njombe tunaijua ile ya Juni na Julai. Huamka kabla ya watu, ikatandaza weupe wake juu ya nyasi na mabua ya mahindi, ikamfanya mtoto aende shuleni mikono kwapani. Lakini jua likipanda, huondoka. Ni baridi yenye adabu ya mgeni: hugonga, huingia, hukaa kidogo, kisha huaga. Baridi ya Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani, haina adabu hiyo. Huingia Novemba, ikajitandikia, na mwezi Machi bado imelala palepale. Kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, pumzi huganda juu ya skafu uliyojifunga mdomoni, na unyevu ulio puani hukakamaa hata ukahisi kana kwamba umevuta mchanga.

Baridi hizi mbili hazitaki chakula kimoja. Kwetu, kikombe cha chai na viazi vya kuchemsha, ukiwa umekaa karibu na kuni za miwati, vinatosha. Jikoni ndiko kwenye joto na ndiko kwenye mazungumzo, na tumbo halidai mengi. Kule Lewiston, nilikoishi miaka mingi nikifanya kazi ya kuwahudumia wazee, nilikuwa nikitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, nikakwangua barafu kwenye kioo cha gari, nikafika nyumbani nikiwa sina hamu ya chai. Nilitaka kitu kizito, chenye mafuta kidogo na moto mwingi, ambacho kingekaa tumboni na kunisindikiza hadi usingizini. Kitu hicho nilikipata, nacho ni supu nzito ya viazi na soseji. Wenyewe huiita chauda, nami nimezoea kuiita hivyo.

Watu wa New England wanaihesabu chauda kuwa mali yao, nao huisemea kwa wivu kama Mzanzibari anavyousemea urojo. Asili yake ni ya baharini. Wavuvi walipanga ndani ya chungu nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, vitunguu, samaki, na zile biskuti ngumu za mabaharia, tabaka juu ya tabaka, wakaacha vichemke pamoja. Maelekezo ya zamani zaidi yanayojulikana kuchapwa huko yalitoka katika gazeti moja la Boston mwaka 1751, tena yaliandikwa kwa mashairi. Jambo hilo lilinifurahisha sana, maana nasi hatuoni ajabu mtu kuyaweka mambo ya maana katika beti. Herman Melville naye, katika riwaya yake ya nyangumi, Moby-Dick, iliyotoka mwaka 1851, ameipa chauda sura nzima. Viazi na maziwa vilizoeleka baadaye, na biskuti zikasogezwa pembeni ya bakuli, ambako zipo hadi leo, ndogo ndogo na zenye chumvi.

Ugomvi wao mkubwa ni juu ya nyanya. Watu wa New York hutia nyanya badala ya maziwa, na husimuliwa kwamba mwaka 1939 mbunge mmoja wa jimbo la Maine alipeleka muswada wa kuzipiga marufuku nyanya katika chauda ya chaza. Mimi sina upande katika vita hivyo, ila nasema hivi: asidi ya nyanya na maziwa ya moto havikai chungu kimoja kwa amani.

Walioishi mbali na pwani hawakuwa na samaki wala chaza. Wakatia walichokuwa nacho, yaani mahindi, viazi, na nyama iliyohifadhiwa. Soseji nazo zilikuja na wahamiaji. Wareno waliofuata kazi za baharini na za viwandani katika miji kama New Bedford na Fall River walikuja na soseji yao ya vitunguu saumu na paprika, iitwayo linguiça. Wapolandi walikuja na kielbasa, ile iliyofukizwa moshi na kukunjwa kama kiatu cha farasi. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nakula chakula cha kale kisichoguswa. Sufuria hii imekwisha kuhama mara nyingi kabla ya kunifikia mimi.

Aliyenifundisha ni bibi mwenye nyumba tuliyopanga. Sisi tulikaa juu, yeye akikaa chini. Kwa desturi ya kwao alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza, lakini ulimi wangu ulikataa, maana alikuwa amempita mama yangu kwa umri. Nikamwita Bibi. Mwanzoni alicheka, baadaye akawa anajitambulisha hivyo hivyo kwa wanangu. Alizaliwa Aroostook, wilaya kubwa ya viazi huko juu kabisa karibu na mpaka wa Kanada. Alinisimulia kwamba utotoni shule zilikuwa zikifungwa kila mwaka wakati wa mavuno ili watoto waende kuokota viazi. Walijaza vikapu, vikapu vikajaza mapipa ya mbao, na walilipwa kwa hesabu ya mapipa. Kwa fedha hizo walinunua makoti ya kipupwe.

Nikamwambia kwamba nami nililelewa na viazi. Mama alikuwa na shamba mteremkoni, udongo mwekundu wenye rutuba, na ada yangu ya shule ilitoka katika magunia yake yaliyopakiwa juu ya lori kwenda Makambako na Dar es Salaam. Kule mjini wanaviita viazi ulaya, jina ambalo mimi huliona la kuchekesha, kwa kuwa kiazi hiki hakikutoka Ulaya, bali milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Ulaya nayo ilikipokea kama sisi tulivyokipokea. Bibi alinitazama mikono kwa muda, kana kwamba anatafuta udongo chini ya kucha, kisha akasema, “Basi wewe sihitaji kukufundisha kumenya.” Kuanzia siku hiyo alikuwa akiniita jikoni kwake.

Sasa niseme jinsi inavyopikwa, maana kuna watu husifu chakula kurasa kumi bila kumwachia msomaji hata kijiko.

Kwa watu sita, chukua nusu kilo ya soseji, kilo moja na kidogo ya viazi, vitunguu maji viwili vikubwa, punje za mahindi kikombe kimoja, maji au mchuzi wa mifupa lita moja, na maziwa nusu lita. Chumvi iache kabatini kwanza. Soseji ina chumvi yake, na aliyetia chumvi mapema hana njia ya kuitoa.

Soseji huanza. Zikate vipande vya mviringo kama sarafu nene, uziweke katika sufuria nzito isiyo na mafuta, juu ya moto wa wastani. Zitatoa mafuta yake zenyewe. Usizikoroge koroge, ziache zishike chini, zipate rangi ya kahawia upande mmoja, ndipo uzigeuze. Kisha zitoe uziweke kando. Chini ya sufuria utabaki ukoko wa kahawia, na huo, ndugu msomaji, ndio utajiri wenyewe. Wapishi wavivu huuosha. Bibi aliutazama kama mwanamke wa Kiswahili anavyoutazama ukoko wa wali, kwa upendo. Tia vitunguu vilivyokatwa ndani ya mafuta yale, punguza moto, na maji ya vitunguu yataulainisha ukoko ule hadi uutoe kwa mwiko. Dakika kumi, wala usikimbilie. Kitunguu kikilainika na kuwa kama kioo bila kuungua, supu yako imekwisha kupata ladha ya nyuma ambayo hakuna kiungo cha pakiti kitakachoileta.

Viazi sasa. Hapa ndipo watu hutofautiana, nami nina msimamo wangu. Wapo wanaotia unga wa ngano ili supu iwe nzito. Bibi hakutia, nami sitii, kwa sababu kiazi kina unga wake ndani. Chembe za wanga zikipata maji na moto hufyonza, huvimba, na mwisho hupasuka na kuufanya mchuzi uwe mzito. Basi menya, osha, kisha kata. Usioshe tena baada ya kukata, kwa kuwa yale maji meupe unayoyamwaga ndiyo uzito wa supu. Nusu ya viazi vikate vikubwa kiasi cha kujaza kijiko, na nusu nyingine vidogo kabisa. Vidogo vitavurugika na kuyeyuka, vikubwa vitabaki. Ukipata viazi vya aina mbili, vile vya unga na vile vinavyoshikamana, ndiyo bora zaidi. Mimina maji yavifunike tu, yasizidi kidole kimoja juu yake. Chemsha kwa moto wa wastani kama robo saa, hadi kisu kipenye bila kubishana. Halafu ponda vipande vichache kwa mgongo wa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, ukoroge. Utauona mchuzi ukibadilika mbele ya macho yako.

Mahindi yafuate. Yakiwa mabichi ya gunzi, baada ya kukata punje likwangue gunzi kwa mgongo wa kisu, utoke ule utomvu mtamu. Wakati wa baridi huyapati hivyo, basi ya kopo au yaliyogandishwa yanafaa, wala usione haya. Rudisha soseji.

Maziwa huja mwisho, na huja kwa heshima. Yapashe moto kando kwanza, punguza moto wa sufuria hadi mapovu yaache kuchomoza, kisha mimina polepole. Tangu hapo supu isichemke tena. Maziwa yakichemshwa kwa nguvu humo hukatika, yakafanya vibonge vidogo juu ya maji, na sura yake haipendezi hata kama tumbo halijali. Watu wa Maine wengi hutumia maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji, yasiyo na sukari, ambayo huvumilia moto zaidi. Nilipoyaona kabatini kwa Bibi nilijihisi niko dukani Njombe. Pilipili manga nyingi, siagi kijiko kimoja, na sasa ndipo uonje na kuamua habari ya chumvi.

Ukiweza kujizuia, ile kesho yake. Wazee wa huko husema chauda hulala ndipo ikaamka chauda. Ipooze upesi kwa kuigawa katika vyombo vidogo, uiweke kwenye jokofu, na kesho uipashe kwa moto mdogo. Itakuwa nzito zaidi, na moshi wa soseji utakuwa umeingia katika kila kipande cha kiazi.

Hayo yalikuwa mapishi ya nyumba yetu kwa miaka sita hivi, chakula cha asubuhi ya mtu anayekwenda kulala. Sikuwahi kumpikia mgeni. Mgeni akija nilipika pilau au ugali na mchicha, kama ada. Nilidhani chauda ni jambo letu la faragha.

Mama yangu alifariki mwishoni mwa Januari 2015. Kaka yangu alinipigia simu usiku wa Jumapili, na kwa sauti yake ya kwanza tu nikajua. Alikuwa ameugua siku nne, siku nne tu, nasi wote tulidhani ni malaria.

Nilitakiwa kuondoka. Mtoto wa kike wa kwanza haambiwi kwamba mama yake anazikwa akabaki ameketi. Lakini maombi yangu ya makazi yalikuwa bado yamelala ofisini, mwezi wa kumi na tisa, na mwanasheria alinieleza wazi kwamba nikitoka nje ya nchi bila kibali maalumu yatahesabiwa kuwa nimeyaacha. Watoto wangu wawili walikuwa shuleni pale. Niliuliza kibali hicho cha dharura kinapatikanaje; nikajibiwa nipange miadi. Tarehe 27 dhoruba kubwa ya theluji ikaipiga New England yote, ofisi zikafungwa, ndege zikazuiwa, na theluji mlangoni kwetu ikapita magoti. Hata kama kibali kingekuwapo, nisingefika popote. Mume wangu alilisema hilo kunifariji. Sikufarijika. Dhoruba hupita kwa siku mbili, lakini ile karatasi ilikuwa imenikaa mbele miezi kumi na tisa.

Mazishi yalikuwa Jumatano saa nane mchana. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, giza bado, na theluji nje ikitoa ule mwanga wake wa kibuluu. Mdogo wangu alishika simu juu ya umati ili nisikie. Nilisikia mvua juu ya miavuli, nyimbo, na sauti ya udongo. Alinong'ona kwamba kaburi limechimbwa ukingoni mwa shamba na viazi vimetoa maua. Kisha salio lake likakatika.

Nilipoinua kichwa sikujua la kufanya. Msiba bila watu ni kitu kisicho na umbo. Nyumbani ningekuwa nimekalishwa kwenye mkeka, nimefunikwa kanga, kuna wanawake wanaopika nje katika masufuria makubwa, wanaume wanapasua kuni, na mimi sina kazi ila kulia. Pale nilikuwa na meza, viti vinne, na mashine ya kufulia iliyokuwa ikizunguka. Nikasimama nikaanza kumenya viazi.

Mume wangu aliwapigia simu watu wachache. Kule Lewiston walikuwako Wasomali wengi, walioanza kuhamia mwaka 2001, na baada yao Wabantu wa Somalia, ambao wengi walijifunza Kiswahili katika kambi za Kenya. Walikuwako pia Wakongo na Warundi. Tuliokuwa Watanzania tulijaa gari moja. Nilitazamia watu watano. Nikamwambia mume wangu akanunue soseji za ng'ombe, katika duka la halali la Lisbon Street, kama lingekuwa limefunguliwa. Aliniuliza kwa nini nisipike sufuria mbili, moja ya kielbasa iliyokuwamo kwenye jokofu. Nilikataa. Katika msiba watu hawagawanyiki kwa sufuria. Mmoja akikaa pembeni akiuliza kilichomo, huyo hakuja kunizika mama. Soseji ya ng'ombe ina mafuta machache, hivyo niliongeza siagi mwanzoni. Duka lilikuwa wazi. Mwenye duka aliposikia ni ya nini, alikataa fedha.

Walikuja thelathini na zaidi. Walikuja kwa miguu, wakipita katikati ya barabara kwa kuwa njia za pembeni zilikuwa zimefukiwa. Mama mmoja wa Bukavu, aliyekuwa akikaa mtaa wa tatu, alikuja na mabinti zake na mikeka miwili kichwani, imefungwa kwa nailoni isilowe. Alitandua mikeka ile sebuleni bila kuuliza, akanivua aproni, akanikalisha chini. “Mama, acha,” akaniambia. “Leo we ni mtoto.” Akaingia jikoni. Nikasikia akiuliza ni nini hiki kilichomo sufuriani, na binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, akimweleza hatua kwa hatua: usiache kichemke, maziwa bado, subiri kiazi kwanza. Kwa sauti ileile ya Bibi.

Bibi mwenyewe alipanda ngazi akiwa amevaa mabuti ya theluji, ameshika makopo mawili ya maziwa na boksi la biskuti. Hakujua watu hukaaje chini katika msiba. Akasimama mlangoni akiwatazama wanawake wale waliojifunga vitenge na hijabu, kimya, wakiimba kidogo, wakinyamaza. Mzee mmoja wa Kibantu akamsogezea nafasi kwenye mkeka na kuupigapiga kwa kiganja. Akaketi kwa shida, magoti yake yakilia, akaegemea ukuta. Nadhani alikaa saa tatu. Hakusema neno zaidi ya pole, aliyokuwa amefundishwa na wanangu.

Sufuria ilikuwa moja kubwa na nyingine ya kuazima, viazi kama kilo saba. Waliokula kwa bakuli walikula kwa bakuli, wengine kwa vikombe vya chai. Mzee mmoja wa Kirundi aliuliza kama hakuna pilipili, akapewa, akatia hadi supu ikabadilika rangi, akasema sasa ndiyo chakula. Mama wa Bukavu alininywesha mwenyewe vijiko vya kwanza. Nilikuwa sijala tangu Jumapili. Kilikuwa cha moto, nacho kilishuka.

Usiku, walipokwisha kuondoka na mikeka ikabaki palepale, maana mwenyewe alisema ataichukua siku ya tatu, simu ya mdogo wangu ikaita. Kwao kulikuwa kumekucha. Alitaka kujua kama nilikaa peke yangu. Nikamwambia hapana, nyumba ilijaa, akataka kujua ni akina nani, nikamtajia wote. Akanyamaza kidogo.

“Mliwapa nini watu wote hao, Dada?”

“Viazi,” nikasema. “Viazi na soseji, na maziwa.”

“Viazi!” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nikamsikia akicheka. “Sisi nasi tuliwapa viazi. Vya Mama mwenyewe. Tulichimba matuta mawili kabla ya wakati wake, vidogo vidogo hivi.”

Nikamuuliza kama vilitosha. Akasema vilitosha, na vingine bado vimo ndani ya kikapu jikoni.